Oili Huvuja Juu, Hudondokea Chini

Nyumbani kwangu Ujiji, Kigoma, doa la mafuta likionekana uani, swali la kwanza huwa ni mafuta gani. Mimi nauza mawese na dagaa, na gari langu, Toyota Probox, hubeba vyote viwili: mawese kutoka vijijini kuja mjini, dagaa kutoka Kibirizi kwenda Kasulu. Dumu lililotumika sana halikosi kulegea kifuniko. Mawese yakimwagika kwenye buti hujipenyeza kwenye vitobo vya sakafu, yakadondoka karibu na gurudumu la nyuma, na alfajiri ya baridi utayakuta yameganda, rangi ya chungwa, kuku wanayadonoa. Maji ya kiyoyozi ni maji matupu. Maji ya rejeta ni mepesi na yana rangi, ya kijani au nyekundu. Oili ya gia boksi ya otomatiki huwa nyekundu ikiwa mpya na kahawia ikizeeka, kwa hiyo hiyo hudanganya. Oili ya injini iliyofanya kazi ni nyeusi, inateleza kati ya vidole, na ina harufu ya kitu kilichokwisha kuungua.

Safari hii doa lilikuwa jeusi, tena mbele upande wa kushoto, pale injini inapokutana na gia boksi.

Kabla ya doa kulikuwa na harufu. Dereva wangu ni mtoto wa kaka yangu, kijana mzuri ila ana haraka, na yeye ndiye aliyeanza kuilalamikia. Tukiwa tunatembea hakuna kitu. Tukisimama Kasulu kushusha mzigo, injini ikiwa bado inanguruma, harufu ya oili iliyoungua inaingia ndani kupitia matundu ya hewa. Yeye akasema breki. Mimi nikamwambia breki hazinuki hivyo, hiyo ni oili inaangukia kwenye chuma cha moto, na chuma cha moto kuliko vyote pale mbele ni eksozi. Kwenye injini ya Probox, ile ya lita 1.5 ambayo mafundi huiita 1NZ, eksozi hutokea upande wa nyuma, unaotazama kabini. Gari likitembea upepo huipeleka harufu chini na nyuma. Likisimama, harufu hupanda moja kwa moja kwenye matundu yaliyo chini ya kioo. Ndiyo maana watu wengi huisikia kwenye kituo cha mafuta au foleni, wakasahau wakiondoka.

Tukaenda gereji moja pale Mwanga. Sitaitaja, maana fundi mwenyewe si mtu mbaya, na bado nina kazi naye. Akatandika boksi, akaingia uvunguni, akapitisha kidole kwenye maungio ya injini na gia boksi, akatoka na kidole cheusi.

"Mama, hii ni sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili pale mhimili wa injini unapotokea. Tushushe gia boksi."

"Umejuaje?"

"Si inatokea hapo kwenye maungio? Tazama kidole."

"Hapo ndipo inapodondokea. Inapotokea bado sijapaona."

Akacheka, na vijana wake nao wakacheka. Mpwa wangu akaniminya mkono. "Shangazi, fundi ameshasema. Tumwachie gari, keshokutwa tunachukua."

Kama nisingekuwa muuza mawese labda ningekubali. Lakini dumu ambalo kifuniko kimelegea hulowana kitako. Mafuta hutoka juu, hutambaa ubavuni kimya kimya, hukusanyika chini na kudondoka, na mteja mgeni atakuapia kuwa dumu limetoboka chini. Nimebadilishiwa madumu mazima kwa sababu hiyo. Sasa injini ina urefu wa kutosha, ina kona, ina nyaya na vishikizo, na chini yake kuna lile kava la plastiki linalokinga matope. Oili ikitoka juu ina njia nyingi za kupita kabla ya kufika ardhini, na upepo wa safarini huisukuma nyuma zaidi. Ikifika chini, pa kukusanyikia ni palepale kwenye maungio, kwa kuwa ndipo pameshuka.

Nikamwomba aoshe injini kwanza. Akasema kuosha ni kupoteza siku. Kushusha gia boksi, pamoja na sili yenyewe, bei yake ilikuwa inakula faida yangu ya dagaa ya mwezi mzima, na hiyo ndiyo kazi ambayo gereji nyingi za mjini kwetu zinaijua vizuri na zinaipenda. Sisemi ni wizi. Sili ya nyuma kweli huchakaa, na ikivuja oili huonekana palepale aliposhika. Ila mahali hapo panalowanishwa na vitu visivyopungua vitatu, na sili ni mojawapo tu. Nikamshukuru, nikamlipa ya soda, tukaondoka. Mpwa wangu alinuna mpaka Gungu.

Ujiji kuna mzee ambaye ujana wake wote aliumaliza kwenye injini za boti ziwani. Siku hizi anatengeneza gari moja moja chini ya mwembe wa nyumbani kwake, akijisikia. Nikampelekea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Injini hii imeoshwa lini?"

Nikajua nimefika.

Ilikuwa haijaoshwa tangu niinunue, kwa kweli nilikuwa sijawahi kuona sababu. Vumbi jekundu la huku kwetu likikutana na oili hufanya ukoko mgumu unaofunika kila kitu, na chini ya ukoko huo huwezi kutofautisha oili ya jana na ya miaka miwili iliyopita. Mzee akasubiri ipoe kabisa, maana mafuta ya taa juu ya chuma cha moto ni kutafuta moto. Akafunga mifuko ya plastiki kwenye jenereta, kwenye koili za plagi na kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Kisha akapaka mafuta ya taa kwa brashi ya rangi, akasugua kona hadi kona, akasuuza kwa maji kidogo sana ya kopo. Hakutumia pampu ya presha, anasema ile huingiza maji kwenye soketi za nyaya, halafu unaanza ugonjwa mwingine.

Uchafu wote aliukinga kwenye beseni. Kuna vijana huosha magari na injini ufukweni, oili inaingia ziwani huku wakiitazama. Mimi hapo huwa mkali. Dagaa ninaowauza wanatoka humohumo. Mzee uchafu wake anautunza kwenye pipa, mafundi seremala huja kuuchukua wakapaka nguzo ili mchwa wasizile.

Tukikaa kungoja injini ikauke akaanza habari zake za meli. Mtu yeyote aliyekulia Kigoma anaijua Liemba, lakini yeye huisimulia kwa upande wa injini. Wajerumani walipoona vita vinawazidi mwaka 1916 waliizamisha wenyewe, enzi hizo ikiitwa Graf von Goetzen. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake wakazipaka injini grisi nzito kila mahali. Waingereza wakaja kuiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Injini za mvuke zilizolala chini ya ziwa kwa miaka, zikawashwa. Mzee anaipenda habari hiyo kwa sababu moja: watu hudhani oili ni ya kulainisha tu. Anasema oili hulainisha, hupoza sehemu ambazo maji hayafiki, hubeba uchafu kuupeleka kwenye filta, na hukinga chuma kisile kutu. Ikipungua, hayo yote hupungua kwa pamoja.

Injini ilipokauka akaiwasha, ikanguruma, akamulika tochi kila upande. Kavu. Mpwa wangu akanitazama kama anayesema "si nilikuambia?" Mzee hakushtuka. Alisema mivujo mingi haitokei gari likiwa limesimama na injini haina kazi, inataka joto na mzigo. Akaagiza poda ya mtoto. Mpwa wangu akauliza kwa nini tusitumie unga wa muhogo, uko tele jikoni. Mzee akafikiri kwa dhati kabisa, akasema poda ni laini zaidi na hushika wima. Akaipuliza juu ya vyuma vyote mpaka injini ikawa nyeupe.

Tukapakia mzigo, tukashika barabara ya Manyovu, tukapanda hadi kwenye milima ya Kalinzi na kurudi. Pale hakuna dereva atakayesema injini haikufanya kazi.

Mzee alikuwa na kioo kidogo cha kunyolea na tochi. Alivipeleka nyuma ya injini, akatazama kwa muda, kisha akaniita. "Njoo uone mwenyewe, usije ukasema nimekwambia." Kwenye ule weupe kulikuwa na mstari mmoja mweusi. Ulianzia kona ya nyuma ya kushoto ya kile kifuniko cha juu kabisa cha injini, tapeti kava, ukashuka ukutani mwa injini, ukakata karibu na eksozi, ukaishia kwenye maungio ya gia boksi. Kulia na kushoto kwa mstari poda ilikuwa safi. Chini ya maungio, nje ya njia ya mstari, safi. Sili ya nyuma ya krenki ilikuwa haina kesi.

Akang'oa koili ya plagi ya upande huohuo. Mpira wake ulikuwa umelowa oili. Hiyo ni alama nyingine ya gasketi ya juu kuchoka, yaani mpira unaoziba chini ya kifuniko kile, kwa sababu inakinga pia mashimo ya plagi, na ukiiacha ikaendelea injini huanza kukosa kosa, watu wakanunua koili mpya bila sababu.

Mpwa wangu akawa ameshafungua simu kutafuta bei ya gasketi. Mzee akamwambia weka simu, bado hatujauliza kwa nini.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwa nalijua hata chembe. Akaiacha injini ikinguruma polepole, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akaweka kipande cha karatasi juu ya tundu. Karatasi ilirukaruka na kusukumwa nje. Anasema kwenye injini inayopumua vizuri karatasi huvutwa kidogo ikatulia. Hakuna pistoni inayobana kabisa kabisa. Moshi kidogo wa kuungua hupita pembeni mwa ringi na kuingia chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, na lazima upate pa kutokea. Watengenezaji waliweka valvu ndogo juu ya tapeti kava, inaitwa PCV, inayonyonya moshi huo na kuurudisha kwenye njia ya hewa ukaunguzwe upya. Valvu ikiziba, presha hujaa ndani, nayo hutafuta mahali dhaifu pa kutokea, na mahali dhaifu kwenye gari la zamani ni mpira. Probox zilianza kutengenezwa mwaka 2002. Nyingi tunazoendesha huku zilikuwa zimeshamaliza ujana wao Japani kabla hazijapanda meli, na gasketi ya mpira iliyopikwa na joto miaka hiyo yote huwa ngumu, ukiikunja inakatika.

Akaifungua ile valvu kwa spana, akaitikisa karibu na sikio langu. Kimya. Nzima huwa inalia ndani, kitu kinacheza. Yangu ilikuwa imeshikamana kwa utope mweusi. Sababu za utope ni mbili, na zote anazijua kila mwenye gari la biashara: kuchelewesha kumwaga oili, na safari fupi fupi ambazo injini haipati nafasi ya kupata moto sawasawa. Tungeweka gasketi mpya tukaiacha valvu imeziba, mzee alisema, baada ya muda si mrefu tungerudi palepale tukilaumu gasketi kuwa ni feki. Nadhani nusu ya gasketi zinazolaumiwa huku mjini hazina hatia.

Spea zenyewe hazikuwepo Kigoma kwa ubora tuliotaka. Kulikuwa na gasketi moja dukani, ngumu kama ya plastiki. Mzee akaikunja, ikabaki na alama ya mkunjo, akairudisha. Nikampigia mtu wangu Kariakoo, akaahidi kutuma kwa basi. Mpwa wangu, ambaye hawezi kukaa na gari bila kuliendesha, akaja na wazo la kupaka silikoni kuzunguka kifuniko chote.

"Shangazi, vijana wote wanafanya hivyo. Inakauka, kwisha."

Nilimwacha mzee amjibu. Silikoni ina kazi yake. Ikipakwa nene, ukikaza bolti inaminywa pande zote mbili, ile ya nje unaiona, ile ya ndani huioni. Vipande vya ndani hukatika, vikaenda na oili mpaka kwenye sampu, vikaziba chujio la pampu ya oili. Hapo umeziba tundu la tone moja ukafunga koo la injini nzima.

Ikabidi tuishi na mvujo mpaka mzigo ufike, na biashara haiwezi kusimama. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, nilikuwa nachomoa kijiti cha kupimia oili mwenyewe. Nakipangusa, nakirudisha hadi mwisho, nachomoa tena ndipo nasoma. Kusoma mara ya kwanza bila kupangusa ni kusoma oili iliyorukia kijiti safarini. Injini ile inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, na kati ya alama ya chini na ya juu kuna kama lita moja. Ukiona imefika chini, umepungukiwa na kama robo ya oili yote, si jambo la kusema nitajaza jioni. Na usijaze kupita alama ya juu ukidhani unaweka akiba. Krenki ikianza kuipiga oili inatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Boksi lililofunguliwa nilikuwa natandika chini ya gari usiku. Nimeyazoea matone sasa. Hesabu yake si muhimu kama ninavyosikia watu wakibishana, kwa sababu tone likitua kwenye boksi husambaa na kuonekana kubwa kuliko lilivyo. Kinachosema kweli ni kijiti. Kuna magari yanaacha doa kila siku na kijiti hakishuki kwa wiki, na kuna magari hayadondoshi hata tone ila oili inaisha, maana inaungua ndani na kutoka kama moshi wa bluu kwenye eksozi. Hayo ni maradhi mawili tofauti na dawa zake hazifanani.

Jirani yangu mmoja gari lake lilinoki, injini ikakwama, njiani kwenda Kasulu. Taa nyekundu ya oili iliwaka, ile yenye umbo la birika, akajiambia nifike tu, pamebaki kidogo. Wengi wanadhani taa ile inasema oili imepungua. Inasema presha ya oili imeshuka mno au haipo, yaani chuma kinasaga chuma wakati huohuo unapoitazama. Haina maana ya kupunguza mwendo. Ni kusogea pembeni na kuzima. Mpwa wangu nilimwambia, akifika kwangu amevutwa kwa kamba sitauliza neno, lakini akifika akiendesha na taa ile inawaka, atatafuta kazi nyingine. Wallahi nilimaanisha.

Kwenye duka la spea walinishauri mambo mawili. La kwanza, niweke oili nzito, namba 40, haivuji haraka. Ni kweli oili nzito hupenya polepole. Lakini injini hii ilitengenezwa kwa oili nyepesi ya 5W-30, ina njia nyembamba zinazoendesha ule mfumo wa VVT-i, unaopanga muda wa valvu kufunguka, na asubuhi injini ikiwa baridi oili nzito huchelewa kufika juu. Nitakuwa nimepunguza matone chini na kuongeza ulaji wa chuma ndani. La pili, kuna dawa ya kumimina kwenye oili inayozuia kuvuja. Mzee hakuitukana, alisema dawa hizo hulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka, wakati mwingine hupunguza jasho la sili. Mpira uliokwisha kukatika hazina la kuufanya. Wetu ulikuwa umekatika.

Kifurushi kikafika na basi: gasketi, valvu ya PCV, na kwa kuwa nilishalipia nauli, filta na oili ya kumwaga.

Kazi yenyewe ilichukua asubuhi moja, na ilikuwa ya kusafisha kuliko kufunga. Gasketi ya zamani ilitoka vipande vipande. Mzee alimkataza mpwa wangu kukwangua kwa bisibisi, kwa sababu silinda hedi ni ya aluminiamu, mkwaruzo mmoja ni njia ya oili ya milele. Alitumia kipande cha mti na kitambaa. Silikoni aliitumia, lakini mahali pawili tu, tone dogo kwenye kila moja ya kona mbili ambapo kava la cheni linakutana na silinda hedi, maana pale pana mshono na ndivyo kiwanda kinavyoelekeza. Kisha bolti. Zile bolti ni ndogo, mkazo wake ni takribani niutoni-mita 10, nguvu ya vidole na kifundo cha mkono basi. Alizikaza kwa zamu, kutoka katikati kwenda pembeni, akarudia mzunguko. Vijana wengi hukaza kwa hasira, bolti inakatika au uzi unakufa ndani ya aluminiamu, na sasa una tatizo ambalo hukuwa nalo. Akaiacha ipumzike saa kadhaa silikoni ikauke kabla ya kuwasha.

Jaribio la karatasi likarudiwa. Ilivutwa, ikatulia pale juu ya tundu.

Kesho yake kulikuwa na doa. Dogo, lakini lipo. Mpwa wangu uso ulimshuka, na mimi sikusema nilivyojisikia. Mzee akasema oili ya zamani imejificha kwenye mikunjo na ndani ya kava la plastiki, itashuka taratibu, pangusa na usubiri. Ikashuka kweli, harufu ikaisha kabisa, ila tone moja likakataa kuondoka, sasa katikati, chini ya sampu. Hilo lilikuwa bolti ya kumwagia oili. Ina washa nyembamba ya duara inayominywa bolti ikikazwa, na inatakiwa kubadilishwa. Yangu ilikuwa imetumika sevisi baada ya sevisi mpaka imekuwa bapa, na kila fundi akitaka kuizuia kuvuja anaikaza bolti zaidi. Washa ile ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kuliko vyote kwenye gari, na sasa natembea na kadhaa kwenye mkoba pamoja na vocha za simu. Fundi asiponiuliza washa mpya, namtolea.

Na kuna cha tatu, ambacho hatukukigusa. Mbele ya injini upande wa kulia, nyuma ya puli ya krenki, kuna unyevu. Haudondoki. Mafundi huuita jasho. Mpwa wangu alitaka tuutoe palepale, tumalize yote kwa mara moja. Mzee akachora alama ya chaki kuzunguka unyevu ule, akasema jasho likivuka chaki tuzungumze. Ukiwinda kila jasho kwenye gari la umri huu utafungua injini nzima, na kila unapofungua unaweza kuamsha kingine. Tulikubaliana sili ya mbele ya krenki, iliyo nyuma ya puli hiyo, itabadilishwa siku puli itakapofunguliwa kwa sababu nyingine. Mpaka sasa nakitazama kijiti kila asubuhi, hakijashuka chini ya nusu kati ya sevisi na sevisi.

Yule fundi wa Mwanga nilikutana naye sokoni, akaniuliza gari. Nikamweleza yote, hata habari ya poda. Hakuona haya wala hakukasirika. Akasema, "Sawa mama, lakini sili ya nyuma nayo itafika siku yake." Ni kweli, na mzee wa Ujiji hana vifaa vya kushushia gia boksi wala mgongo wa kuibeba. Siku hiyo ikifika nitampelekea yeye wa Mwanga, bei tumeshapatana, na kuosha injini kumo ndani ya bei.